Kufuli la Pili

Salamu yake ilikuwa maneno matatu. Wengine wakiingia kwenye mashini yetu ya unga huanza na habari za nyumba na watoto waliamkaje, na mimi nililelewa hivyo. Yeye alisimama mlangoni, akapangusa viatu kwenye gunia, akasema, "Kaye iko wapi?" Ukimpa hiyo kaye, daftari letu la mapato na matumizi, ndipo alipokaa. Akishaisoma mpaka mstari wa mwisho, ndipo alipouliza watoto waliamkaje. Na aliuliza kweli, mmoja mmoja kwa jina, na aliyekohoa juzi alimkumbuka.

Tulimwita Mama Karani. Jina lake ninalijua, limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa sheria za shirika letu, lakini sitalitaja kwa sababu hata yeye hakulitumia. Alikuwa amefanya ukarani miaka mingi kwenye biro moja, ofisi ya hapa Kalemie, karibu na bandari, mpaka biro ikafungwa na wakubwa wakaondoka na viti. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, nilimwuliza mara moja tu. Alinijibu, mimi mwanamke mwenzake, "Unatafuta kunioa?" Sikurudia.

Mimi ni mtu wa hasira, nisiwafiche. Nilimchukia mwaka mzima kabla ya kumpenda, na hata nilipompenda, kuna siku nilitamani kumfungia nje.

Lazima niseme kwanza kwa nini nilimhitaji. Baba yangu alikuwa na duka upande wa Kataki: chumvi, sabuni, mafuta, vitenge. Duka lile lilikufa nikiwa mwanafunzi. Halikuibiwa wala halikuungua. Lililiwa. Shangazi alikuja kuchukua sabuni, mjomba akachukua kitenge cha harusi, sisi watoto tukachukua pipi, na Baba mwenyewe alichota noti kutoka kwenye kopo bila kuangalia, maana kopo ni lake na duka ni lake. Siku tuliyofukuzwa shule kwa kukosa minerval, karo yetu, aliingiza mkono kwenye kopo lile, ukatoka na misumari miwili. Nilikuwa nimesimama karibu yake. Nikaapa kwamba nikipata kazi yangu, haitakufa kifo kile.

Halafu nikapata kazi yangu, na nikaanza kuiua vilevile.

Tulikuwa watu watano tulioweka pesa pamoja tukanunua mashini ya kusaga mahindi na muhogo. Kulikuwa na mimi. Kulikuwa na mjane mmoja anayeuza ndakala, dagaa wetu, sokoni. Kulikuwa na ndugu wawili wakulima wa Kirungu, ambao huteremsha mahindi mpaka Moba yapakiwe kwenye boti. Na kulikuwa na mzee mmoja wa Mpala, aliyeuza nyavu zake zote ili aingie. Huyo tulimfanya prezida kwa sababu ya mvi zake. Mimi nilifanywa mkurugenzi kwa sababu ya mdomo wangu. Na aliyeendesha mashini, mchana kutwa, alikuwa Papa Mashini. Huyo hakuwa na hisa hata moja. Alikuwa na masikio: akisikia mlio tu, anajua mkanda umelegea.

Mjane ndiye aliyemleta Mama Karani, siku tulipokaribia kupigana kwa sababu ya kilio kimoja, msiba nitakaousimulia huko mbele. Tulidhani ataanza na hesabu. Yeye aliomba fundi wa kuchomelea. Kasha letu la chuma lilikuwa na kufuli moja, na ufunguo ulikuwa kwangu. Alitaka makufuli mawili.

"Ufunguo mumoja kwa mukurugenzi," alisema. "Wa pili kwa muntu asiye na hisa, asiye ndugu ya mwenye hisa, asiye na deni kwenu."

Tulimtafuta mtu wa namna hiyo mtaa mzima. Yule hana hisa lakini ni shemeji, huyu si shemeji lakini anadaiwa unga wa Pasaka. Mwishowe tukamgeukia mwenyewe. Alikubali kwa posho ndogo ya kila mwezi, akaitia sahihi kila alipoipokea, na ufunguo wa pili akauning'iniza shingoni kwa uzi wa nyavu, pamoja na kalamu yake, biki ya bluu.

Siku ile nilimwuliza mbele ya wote, "Kumbe Mama hauniamini?"

"Kufuli si ya mwizi," alinijibu. "Mwizi atabeba kasha nzima. Kufuli ni ya muntu mwema mwenye haraka."

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na alitembea kama mtu anayechelewa treni hata wiki ambayo treni haipo. Mvua ikinyesha alivua viatu akavibeba kwenye mfuko wa plastiki, akaja pekupeku kwenye matope, akaosha miguu kwenye pipa letu, akavivaa tena kabla ya kuingia. Biro ni biro, alisema, ingawa biro yetu ilikuwa meza moja nyuma ya magunia. Karatasi iliyoandikwa kwa penseli aliirudisha. Faktire, yaani ankara, isiyo na tarehe aliirudisha. Siku moja nilimpa resu ya mazutu, risiti ya dizeli yetu, iliyolowa mafuta ya samaki, akaianika juani juu ya jiwe, akakaa kando yake kuilinda na kuku, mpaka ikasomeka.

Aliposaga mahindi yake mwenyewe alipanga foleni kama wengine. Mara moja nilichukua beseni lake nikalipeleka mbele, kwa heshima tu. Alilifuata, akalirudisha nyuma ya mama mmoja mwenye muhogo. "Ukinipitisha leo," aliniambia kwa sauti ya chini, "kesho nitasoma kaye yako kwa jicho moja." Yule mama wa muhogo alicheka mpaka akashika kiuno, na mimi nikanuna siku nzima.

Maneno yake yalikaa kwenye vichwa vyetu kama vumbi la unga. Kila mtu hapa anajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye aliongeza kwamba daftari lisilosomwa ni karatasi ya kufungia karanga. Tukimwambia kwamba fulani ni shangazi wa Prezida, hivyo apewe unga kwa mkopo, alijibu, "Kasha haina shangazi." Ndugu wale wa Kirungu walilipenda neno hilo wakalipeleka milimani. Nasikia siku hizi linasemwa huko na watu ambao hawajamwona hata kwa macho.

Vita yetu ya kwanza ilikuwa mshahara wangu. Wakati ule nilikuwa nachukua. Sikuita kuiba, na hata leo siiti hivyo, nilikuwa nachukua. Asubuhi pesa ya mkate, jioni ya mafuta, mwisho wa mwezi minerval ya watoto. Nilikuwa naamka saa kumi na moja kufungua mashini, nani angenihukumu? Makufuli mawili yalilinda kasha, lakini pesa ya mchana ilipita mikononi mwangu kabla ya kufika huko. Mama Karani alifunga kaye, akavua miwani.

"Mama Neema, mushahara wako ni ngapi?"

"Sina mushahara. Miye njo mwenye kazi."

"Muko watano wenye kazi. Wale wanne wanakula wapi?"

"Wale wanne hawaamuke na miye."

"Basi ulipwe kwa kuamuka. Sema ni ngapi, tuandike, upokee siku moja kama Papa Mashini, utie sahihi. Mukurugenzi ni mufanyakazi wa kwanza. Si mutoto wa kwanza."

Nilitoka nikabamiza mlango. Wiki tatu sikumsalimia. Yeye alinisalimia kila alipokuja, kwa ileile kaye iko wapi, kana kwamba hakuna lililotokea, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angenitukana. Wiki ya nne tukakaa kikao, wakapanga mshahara wangu mbele yangu, kama watu wanaopatana bei ya mbuzi. Ulikuwa mdogo kuliko nilichokuwa nachukua. Nilirudi nyumbani nikalia. Sikulia kwa njaa, nililia kwa hasira.

Miezi miwili baadaye, mwisho wa mwezi ulifika kasha likiwa na kitu ndani. Ilikuwa mara ya kwanza. Mkanda mpya, ambao kila mara tulisema mashini haizalishi kiasi cha kuununua, tukaununua. Ndipo nikaelewa kwamba mkanda ule nilikuwa nimeula mimi, kipande kwa kipande, pamoja na mkate wa asubuhi. Jambo hilo lilinichoma na bado linanichoma.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na ukali wa watu wa biro, wanaoamini karatasi kabla ya macho. Kipindi kimoja aliona kwamba magunia ya mahindi ya shirika yanaingia na kilo fulani, unga unatoka na kilo pungufu, wiki baada ya wiki. Hakuuliza. Alisimama katikati ya wateja akamwambia Papa Mashini, "Papa, unga mwingine unajua njia ya kwako."

Papa Mashini alizima mashini, akavua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mzani, akaenda zake. Wateja wakabeba mabeseni yao wakaenda kwa jirani. Siku mbili mashini ilikaa kimya. Mimi nilipiga kelele, Prezida alipiga kelele, na Mama Karani alikaa na kaye yake akirudia kujumlisha.

Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kwa Papa Mashini. Hakwenda kuomba msamaha. Alimwomba amwonyeshe. Wakaja wote wawili, kila mmoja akitembea upande wake wa barabara. Alikaa pembeni ya mashini kutoka asubuhi mpaka saa tisa, wakapima mahindi kabla, wakapima unga baada, wakapima pumba, wakafagia na kupima hata vumbi la sakafuni. Alipotoka alikuwa mweupe mpaka kope. Mahindi yakiwa na unyevunyevu yanapoteza uzito yakipata joto la mashini, na unga mwingine unapaa tu hewani. Jambo hili kila msagaji wa unga analijua, na sisi wote watano hatukuwa tumefungua mdomo kumtetea mtu wetu.

Hakuandika kwa biki ya bluu siku hiyo. Aliazima nyekundu. Aliandika kwenye kaye, katikati ya mapato ya wiki: "Nilimushitaki muntu kabla ya kupima. Nilikosea. Unga unapotelea hewani na kwenye pumba, haupotelei kwa Papa." Akangoja mpaka kesho yake asubuhi, foleni ikajaa, maana alisema alimwaibisha mbele ya watu na ni mbele ya watu atakapomrudishia heshima yake. Akasoma kwa sauti, amesimama. Kisha akamwomba Papa Mashini atie sahihi kwamba amesikia.

"Papa, umenisamehe?"

"Nimesikia, Mama," alisema Papa Mashini, akatia sahihi kwa herufi zake za polepole.

Msamaha ulichukua muda mrefu zaidi. Lakini tangu wiki ile Papa Mashini alianza kupima kila gunia, linaloingia na linalotoka, akaandika mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Kitu kimoja sikuwahi kukielewa mpaka leo. Nyumbani kwa Mama Karani hakukuwa na kaye hata moja. Aliishi na mdogo wake, dada mpole wa kukaanga mandazi, na nyumba yao ilivuja hadi mvua kubwa ikinyesha walihama na vitanda, chumba hiki kwenda kile. Posho yetu ilipomfikia, iliondoka naye mlangoni. Huyu mgonjwa, yule amefiwa, mwingine ana mtoto wa mtihani. Aliweka vijiko vitano vya sukari kwenye kikombe kimoja cha chai, na mwanamke yule aliyenitesa kwa resu ya mazutu alikuwa na deni kwenye duka la dawa ambalo hata yeye hakujua ni kiasi gani.

Nilimtania siku moja, "Mama, na kasha ya kwako iko na makufuli ngapi?"

Alicheka, na kucheka kwake kulikuwa nadra. "Ya kwangu haina mufuniko." Kisha akaacha kucheka. "Pesa yangu ikipotea, nitalala njaa miye. Ya shirika ikipotea, nyumba tano zitalala njaa, na hawakuniuliza."

Basi nije kwenye kile kilio. Kabla hajaja kwetu, mjomba wa Prezida alifariki. Hapa kwetu mtu akifiwa, kazi yake nayo imefiwa. Tulifunga mashini, tukafungua kasha, tukalipa sanduku la maiti, sukari, mchele, mbuzi wawili, madumu ya mazutu ya kuwasha taa, na magunia manne ya unga juu yake. Hakuna aliyeandika. Anayehesabu kwenye kilio huulizwa kama ni yeye aliyemla marehemu kwa uchawi. Kila mtu alichota kwa huruma, na mimi nilichota kuliko wote, maana nilikuwa na ufunguo na nilitaka Prezida aone ninavyomheshimu.

Mwezi uleule motere ya mashini ikafa. Kifaa kilichotakiwa kilikuwa ng'ambo ya ziwa, Kigoma, na kasha lilikuwa tupu. Wiki saba mashini haikulia. Wateja walijifunza njia ya kwa jirani, na wengine hawajarudi mpaka leo. Ndipo tukaanza kuulizana nani alichukua nini, na ndipo mjane akakimbia kumleta karani.

Mama Karani alitusubiri. Hakuligusa jambo la kilio mpaka mwaka ulipopita na tukawa tumezoeana. Kisha kwenye kikao kimoja akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza sabuni, "Leo tuandike wafu."

Prezida alisimama. "Mama, unataka kupima wafu?"

"Wafu hapana. Napima kasha."

"Muntu akikufa, ni muntu. Mjomba wangu alinilea."

"Ndiyo Papa. Na motere ilikulisha. Ulizika wote wawili mwezi mumoja."

Mjane alitazama chini. Nilidhani mzee atatoka, na kama angetoka, shirika lingekufa siku ile, kwa kuwa nyavu zake ndizo zilizonunua nusu ya mashini. Hakutoka. Alikaa, akakunja mikono, wakabishana mpaka jua likageuka. Tuliandika hivi: kila Jumamosi kila mmoja wa watano aweke kitu kidogo kwenye kopo la kilio, mbali na kasha. Akifa mzazi, mtoto, mume au mke wa mwenye hisa, kopo litoe kiasi kilichoandikwa, si zaidi. Mjomba, shangazi, binamu na jirani, kila mtu atoe mfukoni mwake kadiri ya moyo. Kasha lisifunguliwe kwa maiti yoyote. Na mstari wa mwisho, ambao aliuweka yeye: aliyefiwa asishike ufunguo mpaka siku arobaini ziishe.

"Kwa nini?" nilimwuliza.

"Kwa sababu kwenye kilio mikono inatangulia akili."

Prezida alikataa kutia sahihi. Alirudi baada ya wiki mbili, akaomba biki, akatia. "Mjomba anisamehe," alisema, akaketi kunywa chai yetu bila kutuangalia. Ukurasa ule tuliuita ukurasa wa wafu. Watu wa nje walipousikia walisema tumekuwa Wazungu, na shemeji yangu mmoja hakunisemesha tangu Krismasi mpaka Pasaka.

Sasa mwaka huu. Tulikuwa tumeweka kando, miaka miwili, pesa ya motere mpya. Ile ya zamani ilikuwa ikikohoa moshi mweusi, na Papa Mashini aliniambia kwamba haitaumaliza mwezi. Muuzaji wa Kigoma alishatuma neno kwamba atatungoja mpaka Ijumaa. Papa Mashini alikuwa apande boti Alhamisi, na pesa yote, mpaka noti ya mwisho, ilikuwa ndani ya kasha lenye makufuli mawili.

Jumatatu, mdogo wake Mama Karani akafa. Aliugua siku tatu tu.

Mama Karani hakuwa na hisa, kwa hiyo kopo la kilio halikumhusu. Dada hayumo kwenye ukurasa wa wafu. Nilijua hayo yote kwa kichwa. Lakini nilijua pia kwamba sanduku la maiti lilikuwa limechukuliwa kwa ahadi na fundi alikuwa anadai, na kwamba mwanamke yule alikuwa ametupa miaka yake na nyumba yake inavuja. Nikasema moyoni, kama si yeye tusingekuwa na kasha la kufungua. Nikasema nitarudisha mwenyewe, kidogo kidogo. Nikasema huyu si mjomba wa mtu, huyu ni Mama Karani. Kila neno nililosema, Prezida alikuwa ameshalisema mwaka ule juu ya mjomba wake, lakini siku ile sikulisikia hilo.

Nilikwenda Jumanne mchana. Wanaume walikaa nje chini ya bashi, turubai la kilio, Papa Mashini akiwa kati yao. Ndani wanawake walikuwa kwenye mikeka. Yeye alikuwa amekaa chini, amenyoosha miguu, kitambaa cheusi kichwani, na alionekana mdogo sana. Uzi wa nyavu ulikuwa bado shingoni. Nilipiga magoti, nikampa pole, tukalia pamoja. Kisha nikainamia sikio lake.

"Mama, tufungue. Fundi wa sanduku anangoja. Nitarudisha miye."

Alipangusa macho kwa kitenge.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Kaye iko wapi?"

Sikuwa nayo. Nani anakwenda na kaye kilioni?

Aliinua mikono, akautoa ule uzi kichwani kwake, akauweka kwenye kiganja changu, ufunguo na biki pamoja. "Aliyefiwa hashike ufunguo," alisema. "Njo tuliandika. Chukua." Kisha akageuza uso kuelekea ukutani.

Ufunguo ulikuwa wa moto, umelala kifuani kwake miaka yote ile. Wangu ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kitenge. Nilikuwa na zote mbili. Kutoka pale mpaka kwenye mashini ni mwendo wa dakika kumi, na hakuna mtu hata mmoja katika Kalemie nzima ambaye angenizuia au kunilaumu. Nilimngoja aniseme, kama alivyonisema kwa pesa ya mkate. Hakunisema. Niliogopa, nawaambia kweli. Niliona mkono wa Baba unaingia kwenye kopo, na mara hii mkono ulikuwa wangu, na nilijua vizuri utatoka na nini.

"Mama," nilisema, "miye siwezi kuushika huu."

"Kwa nini?"

"Niko na mwingine."

Aligeuka. Macho yalikuwa yamevimba, lakini yalikuwa yaleyale. "Basi tafuta muntu asiye na hisa," alisema, "asiye ndugu, asiye na deni."

Sikuhitaji kutafuta mtaa mzima. Nilitoka mlangoni nikamwita Papa Mashini. Alivua kofia, akaingia akainama kati ya wanawake, akachuchumaa mbele yake. Mama Karani alichukua ufunguo kutoka mkononi mwangu, akaufungua mkono wa Papa Mashini, akauweka ndani.

Papa Mashini aliutazama. "Mama, unanipa miye? Siku ile ulisema..."

"Siku ile sikupima," alisema. "Sasa nimepima."

Karatasi haikuwepo. Alichana mfuko wa sukari uliokuwa tupu karibu na jiko, akaulaza kwenye goti, akaandika kwa biki ileile kwamba ufunguo wa pili umetoka kwake umeingia kwa Papa, mbele ya mkurugenzi, akaweka tarehe. Papa Mashini alisoma kila neno, akatia sahihi kwa zile herufi za polepole. Mimi nikatia kama shahidi.

Nikafungua pindo la kitenge. Tulikuwa tumelipana Jumamosi, na mshahara wangu ulikuwa bado mzima. Niliuweka wote kwenye mapaja yake.

"Hii ni ya wapi?"

"Ya kwangu. Mushahara. Nilitia sahihi."

Papa Mashini akatoa wake juu yake. Jioni Prezida alikuja na bahasha, na mjane akaja na beseni la ndakala kichwani na noti zimefungwa kwenye leso. Fundi wa sanduku alilipwa, na kesho yake tukamzika yule dada vizuri, kwa heshima. Mama Karani alizipokea zote kwa mikono miwili, akazifunika na kitenge. Nilimwangalia, maana nilimjua. Hakuhesabu hata noti moja.

Alhamisi asubuhi tulifungua kasha, mimi na Papa Mashini, kila mtu na ufunguo wake, Prezida na mjane wakitazama. Ile karatasi ya sukari tuliibandika ndani ya kaye. Papa Mashini alivuka Kigoma, akarudi na motere mpya imefungwa kwa turubai, naye kaitandikia godoro lake ili isitikisike.

Siku arobaini zilipoisha, Papa Mashini alimpelekea Mama Karani ufunguo. Aliukataa. Alisema ameuchoka shingoni, na kwamba uko mahali pazuri.

Sasa anakuja Jumamosi kama mteja, na beseni lake la mahindi. Hupanga foleni. Akifika mbele hulipa, hupokea chenji, huihesabu mara mbili, kisha hunitazama juu ya miwani yake. Bado hajauliza kaye iko wapi. Kaye iko mezani, imefunguliwa kwenye ukurasa wa leo, na kiti kiko kando yake.